Anko, mbona uso wangu haupo?

Nianze na kosa langu kabisa tusizungushane. Ijumaa, siku ya kwanza ya Otakon, lile tamasha la Washington ambalo watu wanavaa kama wahusika wa katuni za Kijapani, nlipiga picha mia sita na ushee, nikarudi nyumbani Hyattsville, Maryland, miguu imevimba kama nimetoka kupakua magunia, nikachomeka memori kadi kwenye laptop, mpwa wangu kakaa pembeni bado ana wigi kichwani maana hataki kulivua, tukaanza kuangalia. Picha ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ilipofika kama ya kumi hivi akaniuliza taratibu, ile sauti ya mtoto anayejitahidi asikukosee adabu: "Anko, mbona uso wangu haupo?"

Na kweli haukuwepo. Wigi jeupe lipo, unaweza kuhesabu unywele mmoja mmoja. Koti jeupe lenye ufito wa dhahabu lipo. Ngazi za marumaru nyuma yake zipo, zinameremeta. Katikati ya wigi na kola kuna kiza chenye macho mawili. Na mtoto mwenyewe ana miaka kumi na saba, kaamka saa kumi alfajiri kajipaka vipodozi masaa mawili, mama yake (dada yangu huyo, anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee) kashona lile koti wiki tano, anatoka kazini anakaa kwenye cherehani macho mekundu, afu mi na kamera yangu shingoni kama mtu wa maana nikamgeuza mtoto kivuli.

Nikamwambia "usijali, ntazirekebisha kwenye kompyuta." Akasema "sawa Anko," akaenda kulala. Hiyo sawa Anko ndo iliyonikosesha usingizi.

Mi sio mpiga picha, tuelewane hapo. Kazi inayonilisha haihusiani na picha hata kidogo. Kamera nlinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama, ikaja na lenzi moja tu, 50mm ya f/1.8, ile ambayo kila anayeanza anaambiwa aanze nayo kwa sababu ni ya bei chee na inapitisha mwanga mwingi. Nikawa napiga kwenye kipaimara, besdei za watoto, nyama choma za Watanzania wa huku Maryland, watu wanasifia, na ukisifiwa na mashangazi zako mara tatu mfululizo unajiona umefika. Kumbe kwenye nyama choma wote mmevaa tisheti, wote mmesimama kwenye nyasi, wote rangi zenu zinakaribiana, kamera haina cha kuichanganya.

Kwa msioijua, Otakon ni tamasha la anime, yaani katuni za Kijapani, na mambo ya Kijapani kwa ujumla. Lilianza 1994 Pennsylvania, likakaa Baltimore miaka mingi, tangu 2017 liko Washington kwenye ukumbi wa Walter E. Washington Convention Center. Ijumaa mpaka Jumapili, watu zaidi ya 40,000. Ila ukitaka kujua ukubwa wake wala usingoje kufika ukumbini, panda tu treni ya Green Line asubuhi ile. Kila stesheni wanaingia wengine, mabawa yanabanwa na mlango, mapanga ya plastiki yanagonga watu magoti, na katikati yao kuna mzee mmoja wa suti anakwenda zake kazini, kulia kwake samurai kushoto kwake paka mwenye kengele, na yeye macho yako kwenye simu kana kwamba ndo kila siku. Wale wa koti la drafti la kijani na nyeusi, la yule Tanjiro wa katuni ya Demon Slayer, nlihesabu mpaka ishirini nikaacha, na hapo ukumbi bado hatujauona.

Mpwa wangu alivaa mhusika gani silitaji, si siri, ni kwamba kila nikilitamka hilo jina nalikosea na yeye ananirekebisha mbele za watu. We elewa tu ni mwanamfalme mwenye nywele nyeupe na huzuni isiyoisha. Nliuliza mbona wa kiume na we ni binti, akaniangalia kama nimetoka shamba. Kumbe kwenye kosplei, ndo huko kuvaa na kuigiza mhusika, hiyo ni kawaida kabisa, mtu anavaa anayempenda, habari za jinsia na unene na rangi unaziacha mlangoni.

Sasa ndani ya ukumbi. Jamani, mwanga wa mle ndani ni adui. Juu kuna taa zenye rangi ya chai ya maziwa, pembeni kuna maskrini ya vibanda yanarusha bluu, huku kwenye vioo vikubwa unaingia mchana mweupe, mtu mmoja akisimama katikati anapata rangi tatu kwenye shavu moja. Flashi nlikuwa nayo, nikafanya kama nlivyoona watu wanafanya, nikaielekeza juu mwanga ugonge dari urudi laini. Dari liko juu mno! Mwanga ulipaa haukurudi, mpaka leo nadhani bado unapanda. Nikapandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 3200, shata nikaiweka ifunguke 1/200 ya sekunde tu maana hawa watu hawatulii, wanarusha mateke, na picha zikawa na chengachenga kama redio ya zamani lakini angalau zinaeleweka.

Na tabia nliyokwenda nayo ilikuwa ya harusini, kwamba unajificha nyuma ya nguzo unavizia watu wasijue, si ndo tunaambiwa picha nzuri ni ile mtu hajajiandaa. Saa ya kwanza nimepiga hivo hivo, nimempata dada mmoja kavua viatu kakaa chini anakula chipsi, ana mabawa ya malaika na soksi zimetoboka, nikaona hii kali. Mpwa wangu akanivuta mkono, "Anko, huku hatuibi." Akanifutisha palepale. Utaratibu ni kwamba unamfuata mtu, unaomba, akikubali anaweka chini mfuko wake, anajipanga, anakaa kwenye pozi la mhusika, unapiga mbili tatu, unashukuru, unapisha. Anayekula unamwacha ale, anayekimbilia msalani unampisha, mtoto mdogo unamuuliza mzazi kwanza. Na usipige magoti kutafuta pembe ya chini kwa mtu aliyevaa sketi fupi, hata kama roho yako ni safi utaonekana vile unavyoonekana. Matamasha mengi huku yana mabango yanayosema wazi kwamba mtu kuvaa kosplei hajakupa ruhusa ya kumgusa wala kumpiga picha bila kumwomba, New York Comic Con waliyaweka 2014 na wengine nao wakafuata.

Wajapani ndo wameshika adabu hii zaidi. Pale Comiket, lile soko kubwa la vitabu vya katuni la Tokyo lililoanza 1975, mtu haji amevaa kutoka nyumbani, anabadilishia hukohuko, kisha anakwenda kwenye eneo lililotengwa kwa kosplei, wapiga picha wanapanga foleni kama ya luku. Umati ukizidi wanageuza duara, mtu anahesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, ikifika mwisho kila mtu anashusha kamera na kuondoka. Nikafikiria harusi zetu, wale wapiga video wanaomkanyaga bi harusi gauni, nikacheka peke yangu.

Ngoja nikuhadithie kuhusu mama mmoja, maana yeye ndo alinifungua macho kabla hata ya mpwa wangu.

Nlimkuta karibu na ngazi za umeme amevaa deraya, mabega mapana kama milango ya bajaji, kifuani chuma kilichochakaa kingo zimeng'aa kwa kusuguliwa vitani. Nikaomba, akakubali, nikapiga. Nlivosogea kuangalia vizuri nikagundua sio chuma. Akacheka, akaniambia gonga. Nikagonga kwa kidole, ikalia pu. Ni foamu, ile inaitwa EVA, unanunua kwa shiti kama magodoro membamba, unakata kwa kisu kikali, unaipulizia hewa ya moto inalegea, unaikunja unavyotaka, ikipoa inashika umbo hilo hilo. Gundi, kisha rangi nyeusi kote, kisha rangi ya fedha kidogo sana unaipitisha juu juu kwa brashi kavu, ndo jicho linadanganyika kwamba ni chuma.

Nikamwambia sisi kwetu hiyo tunavaa miguuni. Na ni kweli, EVA ndo inatengenezewa kandambili, shika tu ndala yako ya bafuni uiminye utaona. Kule Kenya kuna watu wanaitwa Ocean Sole wanaokota kandambili zilizotupwa baharini wanazigundisha na kuchonga tembo na kasa, kwaiyo sisi kandambili kwenye sanaa hazitushangazi, nlichoshangaa ni kuona mtu amejenga jeshi zima kwa nyenzo ya ndala.

Nimeshashukuru, nageuka niondoke, akaniita. "Samahani, unaweza kupiga na mgongo?"

Akageuka. Mgongo mzima ni magamba. Magamba madogo madogo kama ya samaki, yamepandana kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kila moja limekatwa kwa mkono, limechomwa likabinuka kidogo, limepakwa rangi lenyewe. Aliniambia yako mia mbili na kumi na kamaliza wiki tatu kwenye mgongo peke yake. Na tangu asubuhi nimekuwa mtu wa sijui thelathini kumpiga, wote wamepiga mbele. "Na mimi mwenyewe," akasema, "tangu nilivae sijauona, ni mgongo wangu lakini siuoni."

Dah. Nikamwomba asogee kwenye kioo, mwanga uje kwa ubavu, maana magamba ukiyapiga mwanga wa mbele yanalala yote yanakuwa kama shati. Mwanga wa ubavu kila gamba likapata kivuli chake. Nikapiga yote, nikasogea nikapiga kwa karibu. Wakati nafunga lenzi akasema kuna gamba moja kati ya yale amelibandika kichwa chini kwa makusudi, hatanionyesha, nilitafute. Nikamwomba anitajie jina lake la Instagram, na huu ndo ujanja mmoja tu mzuri nlioufanya Ijumaa ile, aliandika kwenye simu yake nikaipiga picha skrini, kwaiyo kwenye memori kadi jina likakaa palepale baada ya picha zake. Wengine wote mia na kitu niliowapiga sina majina. Wamesimama, wamepozi, wamenipa dakika zao, na siwajui. Binti mmoja aliniuliza picha ataipata wapi nikamwambia ntakutafuta, utamtafuta vipi mtu mwenye nywele za zambarau kati ya watu 40,000.

Hili la kumsahau aliyeshona lina historia. Ukisoma habari za kosplei utaambiwa neno lenyewe alilipata Mjapani Nobuyuki Takahashi miaka ya themanini, sawa, lakini mavazi yenyewe yalikuwepo zamani. Mwaka 1939 New York, kwenye Worldcon ya kwanza, mkutano wa wapenzi wa hadithi za sayansi, alitokea Forrest J Ackerman amevaa joho na nguo za watu wa siku zijazo, akawa gumzo, na jina lake ndo linalotajwa kila mahali. Nguo zile alizibuni na kuzishona mwanamke aliyekuja naye, Myrtle Douglas, wenzake walimwita Morojo, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa ya kwake. Nliposoma hilo nikamfikiria dada yangu na macho yake mekundu.

Turudi kwenye uso uliopotea.

Picha za mpwa wangu nlizipiga saa saba mchana nje ya ukumbi, ng'ambo ya barabara, kwenye jengo la Carnegie Library. Ni jengo zuri la marumaru nyeupe, lilifunguliwa 1903, siku hizi ndani kuna duka la Apple, na wakosplei wanalipenda kwa sababu linafanana na ikulu za kwenye anime. Nikamsimamisha kwenye ngazi za upande wa kusini, jua la Agosti liko utosini, wigi jeupe, koti jeupe, marumaru nyeupe. Kamera nimeiacha kwenye otomatiki. Ukitaka mtego wa kumnasa mpiga picha wa nyama choma, ndo huo.

Kwa sababu kamera haijui inaangalia nini. Yenyewe imewekwa iamini kwamba kila kitu duniani ukikichanganya kinatoka kijivu cha katikati. Ukiijazia vyeupe inasema he, hapa mwanga umezidi, inapunguza. Inapunguza mpaka marumaru inapendeza, koti linapendeza, na aliyemo ndani ya koti, ambaye ngozi yake ni ya kwetu Tanga kabisa, ile iliyoiva, anazama. Juu ya hapo jua la utosini na nywele za wigi zilizomfunika paji vimemtia kivuli cha pili. Na juu ya hapo tena nilipiga JPEG, ile picha ambayo kamera imeshaipika na kuibana, sio RAW inayobaki mbichi na kila kitu chake, kwaiyo usiku ule nlipojaribu kunyanyua kivuli kwenye programu ukatoka uso wa rangi ya zambarau wenye chenga. Nikaifunga laptop.

Ila sikulaumu kamera peke yake wala mimi peke yangu, maana hili lina mizizi. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanapelekea maabara kadi ya kupimia rangi, ina picha ya mwanamke mzungu, wenyewe wanaiita Shirley, na fundi anasawazisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ikitoka vizuri basi, kazi imeisha. Miaka kwa miaka kipimo cha binadamu kilikuwa dada huyo. Sasa fungua albamu ya nyumbani kwenu, ile yenye plastiki zinazonata. Kwenye ya kwetu babu yake mpwa wangu, yaani baba yangu mzazi, yuko kwenye picha kama nane hivi, na katika zote yeye ni kanzu, kofia na meno. Mimi nimekua nikidhani marehemu hakupenda kupigwa picha, kumbe alisimama vizuri tu.

Jumamosi nikaamka na mpango. Dada alikuwa ametoka shifti saa moja asubuhi, nikamwambia lala, akasema silali, nataka kuona koti langu linavyopigwa. Tukapitia duka la vitu vya bei rahisi tukanunua ubao mmoja mweupe wa foamu, ule watoto wanabandikia kazi za shule. Ndo taa yangu hiyo, nyingine sina.

Tukaanza na aibu mpya. Tumekaa ndani kwenye kiyoyozi saa nzima, baridi ya kugandisha meno, nikatoka nje nikanyanyua kamera, sioni kitu. Ukungu! Lenzi yote imetoka jasho, kama chupa ya soda umeitoa kwenye friji Dar mwezi wa pili. Agosti ya Washington ina unyevu ule ule. Nikafuta, ikarudi. Nikafuta na shati, nikaipaka mafuta sijui ya nini. Kijana mmoja aliyevaa kama mpishi, mdomoni ana sigara ya bandia, akaniambia acha kufuta, iache ndani ya begi imefungwa ipate joto polepole kama robo saa. Tukakaa. Dada akasinzia ameegemea ubao.

Katika kukaa huko ndo mpwa wangu akanieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Mwaka jana alipoweka picha zake mtandaoni mtu asiyemjua akamwandikia kwamba huyo mhusika sio mweusi. Si yeye peke yake, ni wimbo unaopigiwa watoto wengi weusi kwenye huu mchezo, mpaka 2015 dada mmoja anaitwa Chaka Cumberbatch-Tinsley akaanzisha ile hashtegi ya 28DaysofBlackCosplay, kila Februari siku zote ishirini na nane watu weusi wanamwaga picha zao. Mpwa wangu alikuwa anataka picha ya kuweka Februari. Hiyo ndo aliyoniomba nimpigie Ijumaa, na mi nikamletea picha isiyo na uso. Unaona ilivyokaa? Unamtetea mtoto kwa waliosema uso wake haufai, afu wewe mwenyewe unaufuta.

Lenzi ikatakata. Safari hii nikawapeleka upande wa kaskazini wa jengo lile lile, unaotazamana na ukumbi. Mchana jua linakuwa kusini, kwaiyo upande ule wote uko kivulini, na mbele yake kuna uwazi mkubwa na anga, mwanga unakuja mlaini kutoka kote. Nikaweka RAW. Nikaiambia kamera ipime mwanga pale usoni tu, iachane na koti, na bado nikaongeza kidogo juu yake. Koti likawa linakaribia kuungua, nikasema liungue kidogo, koti halina jina.

Dada nikamsimamisha kushoto na ubao, sogeza, sogeza tena, inamisha, hapo hapo. Na ghafla kwenye shavu la mtoto ukatokea mstari wa mwanga, mrefu, unaanzia kwenye mfupa wa chini ya jicho unashuka mpaka kidevuni. Ngozi nyeusi haitaki kumwagiwa mwanga kama unamwagilia mchicha, inataka kitu kikubwa cheupe ikiakisi, yenyewe inajua cha kufanya. Machoni kukatokea kile kinukta cheupe cha ubao. Yale masaa mawili ya vipodozi nikayaona kwa mara ya kwanza, kumbe alijichora kovu jembamba juu ya nyusi, nimekaa naye siku nzima Ijumaa sikuliona.

Nikamwonyesha kwenye skrini. Akakuza uso, akakuza tena, akakaa nao. Hakusema kitu. Kisha akasema, "ngoja nirekebishe kope, afu turudie hii," nikajua nimesamehewa.

Nikapiga na koti, mbele na nyuma, nimeshafundishwa. Nikasogelea ule ufito wa dhahabu kwenye mkono, fokasi ikashika, na ndani ya kioo cha kamera nikaona sio ufito wa dukani. Ni lesi. Ina vijani vidogo vidogo na shanga moja moja, na hiyo lesi naijua, nimeiona kwenye picha ukutani kwa mama. Nikashusha kamera nikamwangalia dada, ubao bado kaushika na mikono yote miwili. "Hilo si gauni lako la send-off?" Akasema, "Lilikuwa linakaa tu kwenye sanduku. Piga bwana, mikono inauma."

Jumapili sikupiga sana, nlirudi na picha themanini tu na majina themanini. Kila mtu kwanza jina lake la Instagram, kisha pozi. Nilimtafuta binti wa nywele za zambarau, nliwapata wanne, hakuna aliyekuwa yeye.

Yule mama wa deraya nlimtumia picha zake Jumatatu usiku. Lile gamba la kichwa chini nlikuwa nimelipata kwenye kompyuta baada ya kukuza sana, safu ya sita kutoka juu, karibu na bega la kulia. Nikamwandikia tu "safu ya sita." Akajibu kwa herufi kubwa tupu na alama za mshangao nyingi, kisha baadaye akarudi akaandika kwamba mume wake ameiprinti ya mgongo ameibandika sebuleni, ile ya mbele wameiacha.

Za mpwa wangu nikamtumia yeye, nikamtumia na mama Tanga kwenye WhatsApp, moja ya uso na moja ya lesi. Mama hajui kosplei wala anime, na sikumweleza chochote, niliandika tu shikamoo mama, pokea. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika ya kwanza yote ni kuku na jirani wanasikika nyuma. Kisha: "Sasa wewe, huyu mzee wa mvi ni nani mnanitumia?" Kimya, nasikia simu inasogezwa karibu na macho. "Ee! Si mjukuu wangu huyu! Jamani... hebu mwone, ni baba yako mtupu, hili shavu, hivi ndo alivyokuwa." Akaita mtu aje aone. Akamaliza kuita, akarudi kwenye simu, akauliza kama huko Marekani hakuna hata mtu mmoja wa kumsuka huyu mtoto, na kama hakuna aseme, atatafutiwa.